Ubao Uliokataa Kulala

Jumatatu, 4 Novemba 1996

Nimeshinda! Kamati imekubali. Sakafu ya kanisa letu hapa Timau itakuwa ya mbao, na fundi ni mimi, Riungu. Kirimi alitaka simiti ya rangi nyekundu, ile ya kusuguliwa kwa nta mpaka waumini wateleze. Kirimi ni fundi wa simiti. Angetaka nini kingine?

Nilisimama nikawaambia kwamba binti yangu Kathure anafunga ndoa humo tarehe kumi na nne Desemba, na mtoto wa Riungu hataingia kanisani akikanyaga simiti kama mtu anayepeleka mahindi kwa kinu cha posho. Wakwe wanatoka Kiritiri, kule chini Mbeere. Watatuonaje? Nikataja mbao za muuru. Hakuna mti mgumu kama huo, na ni wa kwetu Meru. Mchungaji Misheck akapiga makofi. Baadaye alieleza kwamba alikuwa anapasha mikono joto, lakini kura zilikuwa zimeshapigwa.

Kirimi hakukubali kushindwa. Simiti ya chini, ile ya kubeba mbao, aliimwaga yeye wiki jana. Akasema bado ni mbichi, ingojewe ikauke kabisa. Akasema pia mbao zikifika zipangwe ndani ya kanisa, zikae hapo wiki kadhaa zizoee hali ya Timau, ndipo zipigiliwe. Na niache nafasi ya kidole kando ya ukuta, eti mbao hupumua. Mbao hupumua! Nimekata miti tangu ujana wangu, sijasikia hata mmoja ukihema. Nia yake naijua. Anataka nicheleweshwe hadi harusi ifike, halafu alete ndoo yake ya rangi nyekundu.

Mke wangu Kaari anasema Kirimi hajasema ubaya. Kaari hawajui watu.

Jumatano, 6 Novemba

Mbao zimefika kutoka Meru mjini. Nzuri ajabu. Lakini mbichi. Ukipiga msumari, maji yanachungulia kando yake. Na hapa Timau jua ni la kuazima. Ukungu unashuka kutoka mlimani asubuhi, unapumzika kidogo mchana, unarudi. Soksi zangu ziko kwenye kamba tangu Jumapili na bado huwezi kuzivaa bila kupiga chafya.

Nikakaa jikoni nikawaza mpaka chai ikapoa. Kisha wazo likaja. Kiritiri! Kule jua linawaka mpaka mbuzi wanagombania kivuli cha nguzo. Na mkwe wangu mtarajiwa, Mzee Njuki, ndiye anayetuletea mchanga wa kanisa kwa lori lake. Lori linapanda limejaa, linashuka tupu. Lishuke na mbao zangu! Zikauke uani kwake, kando ya magunia yake ya makaa. Kirimi anataka mbao zingoje? Zitangoja, lakini juani.

Kathure alipiga simu ofisini kwa mchungaji nikaitwa. Anafundisha shule ya msingi kule Karurumo. Nilimweleza habari ya sakafu kwa kirefu. Yeye akauliza kama nimetafuta koti, kwa sababu mimi ndiye nitakayemshika mkono kutoka mlangoni hadi madhabahuni. Akasema tangu akiwa mdogo amekuwa akiiwaza hiyo safari fupi, mimi na yeye. Nikamwambia koti si shida, na ngoja aone atakachokanyaga. Simu ikakatika.

Alhamisi, 21 Novemba

Mbao zimerudi. Kavu kabisa! Ukigonga moja, inalia kama chungu. Mzee Njuki ametuma salamu na kuomba radhi, mbuzi wake walikuwa wanalala juu yake. Alama za kwato nitazitoa kwa randa.

Nilipofika kanisani nilimkuta Kirimi ameinama sakafuni. Jana alitandaza kipande cha nailoni juu ya simiti yake akakibandika kando zote. Leo akakifunua mbele yangu na mbele ya mchungaji. Chini yake kulikuwa na matone ya maji. Akasema simiti bado inatoa unyevu, na unyevu huo wote utapanda kwenye mbao, hasa hizi ambazo zimekaushwa kupita kiasi na zina kiu. Nikachukua tambara nikapangusa. Maji yakaisha. Nikamuuliza mchungaji kama anaona maji. Mchungaji akatazama saa yake, akakumbuka mgonjwa wa kutembelea.

Kirimi akasema basi angalau nitandaze nailoni nzima chini ya mbao. Nikamjibu kwamba hapa ni kanisani, si kwa wale wa mashamba ya maua wanaofunika mimea kwa nailoni. Akasema basi hata wiki moja tu, mbao zikae ndani zipoe. Wiki moja! Nimeanza kupigilia leo leo.

Ijumaa, 29 Novemba

Nimemaliza. Mgongo hauna kazi tena, magoti yamechubuka, lakini nimemaliza. Mbao zimebanana na ukuta hata wembe haupiti. Ile nafasi ya kidole sikuiacha. Nafasi huachwa na fundi asiyejua kupima.

Mchungaji alivua viatu kabla ya kuingia. Mzee mmoja wa kamati naye akavua, tukamsihi avivae tena. Kirimi alisimama mlangoni, akatazama kando ya ukuta kwa muda mrefu, akatikisa kichwa, akaenda zake. Wivu ni ugonjwa.

Walipoondoka wote nilikaa benchi la mbele nikaitazama. Rangi ya asali. Nililia kidogo, nakubali. Nilimwona Kathure kabisa akitembea juu yake na shela lake. Mimi mwenyewe sikujiona kando yake, lakini bila shaka nilikuwepo.

Jumamosi, 30 Novemba

Nimekwisha.

Kila Jumamosi kina mama wa kanisa huosha kanisa. Nilijua. Kila mtu anajua. Miaka yote wamemwaga maji kwenye simiti ya zamani, wakasugua kwa fagio la chelewa na sabuni ya unga, wakasukuma yote nje kwa mlango. Leo, kwa heshima ya sakafu mpya, waliongeza ndoo. Walipanga mstari kutoka kwenye tangi hadi madhabahuni, ndoo zinapita mkono kwa mkono, na wanaimba.

Cicily, mwenyekiti wao, alikuwa amevaa gambuti. Nilimsihi asimamishe. Nilipiga magoti, tena ndani ya maji. Akanieleza polepole, kama anayemtuliza mgonjwa, kwamba nyumba ya Mungu haipanguswi kwa kitambaa kama meza ya baa. Kisha akaniuliza kwa nini sikuwaambia mapema. Uzuri wa sakafu nimewatangazia hadi wachuuzi wa viazi barabarani. Habari ya maji sikumwambia mtu.

Maji yalizama katikati ya mbao yakapotea. Cicily alifurahi. Alisema sakafu hii inajikausha yenyewe.

Jumatano, 4 Desemba

Sakafu imeanza kulia. Mchana, wakati wa maombi, ubao ulipiga kelele ghafla na mchungaji akasema amina kabla hajafika kwa wagonjwa. Katikati ya kanisa pameinuka kidogo. Nimeweka benchi juu yake ili pasionekane. Benchi linacheza.

Nje ni mvua na ukungu. Kaari ameuliza kama si afadhali nimwite Kirimi tushauriane. Nimemwomba chumvi. Haya yote ni ya Cicily.

Jumapili, 8 Desemba

Mlango wa kanisa umekataa kufunguka.

Unafungukia ndani, na huko ndani mbao zimeinuka zikaubana. Wanaume tukasukuma kwa mabega. Wapi! Ibada ikafanyiwa nje kwenye manyunyu, kina mama wamejifunika magunia, na mchungaji akahubiri kwa ufupi ambao haujawahi kuonekana hapa Timau. Nilipita dirishani kwenda kuangalia. Mbao zimevimba. Huku ukuta, huku ukuta, hazina pa kwenda, kwa hiyo zimeamua kwenda juu. Katikati kuna mwinuko wa kufika magotini. Watoto wamechungulia dirishani na tayari wameupa jina, Mlima Kenya, na mmoja aliniuliza kama ni kweli juu yake kuna theluji.

Kirimi naye akapita dirishani na msumeno. Akakata mbao za karibu na mlango, mlango ukafunguka, watu wakamshukuru. Hakunicheka hata kidogo. Ningependa angecheka. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba bado tuna siku chache, tung'oe zote pamoja, yeye na mimi, Kathure aolewe juu ya simiti tupu na mbao zipangwe kando mpaka zitulie, mwakani nizipigilie upya. Nilimwambia nashukuru, sihitaji huruma ya mtu wa kokoto.

Nimerudi nyumbani nimelowa. Nimelala mchana na buti zangu.

Jumatatu, 9 Desemba

Wazo! Sijui kwa nini sikuliona mapema. Mbao zikivimba kwa unyevu, dawa ni joto, na joto la Kiritiri linaweza kupanda hadi Timau likiwa kwenye magunia. Nimeteremsha makaa yote ambayo Mzee Njuki alileta ya kupikia harusi. Nimeazima majiko kwa majirani, nimeyapanga sakafuni kanisa zima, nimewasha, nimefunga madirisha yote na mlango. Kuanzia leo Timau ina Kiritiri yake.

Jioni

Kwaya ya harusi ilikuja mazoezini. Waliingia wakasifu lile joto. Kabla ya wimbo wa pili walikuwa wanatoka nje mmoja mmoja wakishika vichwa, na dada mmoja wa sauti ya kwanza akaanguka kwenye nyasi. Aliamka baadaye akaomba maji, Mungu amesaidia. Mchungaji Misheck alivunja kioo cha dirisha kwa kinara cha mishumaa ili hewa ipite. Sijawahi kuona mtu huyu mpole akikasirika. Alisema moshi wa makaa kwenye chumba kilichofungwa umeua familia nzima nzima, na kama nina akili niitumie. Niliogopa sana.

Makaa ya harusi yameisha pia. Kaari hajui.

Jumanne, 10 Desemba

Kaari anajua.

Kanisani, zile mbao za karibu na majiko zimekauka ghafla zikapasuka. Zimeachana, na katikati yake kuna nyufa. Cicily alipita akaacha kisigino cha kiatu humo. Za katikati, ambako joto halikufika vizuri, zimebaki zilivyo. Mlima bado upo. Sasa una mabonde.

Nimejaza nyufa kwa gundi na vumbi la mbao. Kwa mbali, ukiwa umesimama barabarani, haionekani vibaya.

Alhamisi, 12 Desemba

Leo ni Jamhuri, watu wamepumzika. Mimi sikupumzika. Mvua imerudi. Mbao zilizosinyaa zimeanza kunywa tena, na gundi yangu inatoka kwenye nyufa kama uji unaochemka. Nimekata Mlima Kenya kwa msumeno. Nimetoa ubao mmoja katikati, nikarudisha zilizobaki, nikapigilia misumari mirefu mpaka ikashika simiti ya Kirimi. Zote zimelala isipokuwa ubao mmoja mbele ya madhabahu. Ukipigilia huku, unainuka kule. Ukipigilia kule, unainuka katikati. Nimeupigilia siku nzima na nimeutukana, tena kanisani, Mungu anisamehe.

Kathure amefika kutoka Karurumo. Alikuja akanikuta nimekaa juu ya ule ubao na nyundo mkononi. Nilianza kumweleza habari ya Cicily na ndoo. Akakaa chini kando yangu na nguo yake safi. Akasema, “Baba, mimi sikuomba sakafu. Nilikuomba unishike mkono tu.” Nikamwambia atapata vyote viwili. Akaniuliza tena kama nimetafuta koti.

Sikuwa nimetafuta. Kaari ameniazimia la mtu. Mikono ni mifupi.

Jumamosi, 14 Desemba, jioni

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi na mapema ubao wa madhabahuni ulikuwa umelala. Nilicheka peke yangu. Watu wakaingia, Mzee Njuki na watu wake wa Kiritiri wakakaa kulia wamejifunika mablanketi mpaka masikioni, kwaya ikakohoa ikapanga sauti. Bwana harusi, kijana Ndwiga, akasimama mbele na wasimamizi wake. Ndipo nikasikia ule mlio. Ubao ulipanda polepole, hapo hapo maharusi wanapotakiwa kusimama. Kathure angejikwaa mbele ya ukoo mzima.

Nikapita mbele haraka nikausimamia. Ukashuka. Nikainua mguu mmoja, ukapanda. Nikarudisha mguu. Nikawa nimesimama hapo mbele na koti la mikono mifupi, miguu miwili juu ya ubao, nikitabasamu.

Kinanda kikaanza. Kathure akatokea mlangoni, mama yake upande mmoja, na upande wangu hapana mtu. Alinitafuta kwa macho. Nikampungia mkono. Nikamwonyesha chini, kwenye ubao, ili aelewe. Nilitaka ajue kwamba ni kwa ajili yake. Wimbo ukaimbwa ukaisha, ukaanzwa tena. Kaari alinitazama kwa macho ambayo sitayaeleza hapa. Nilijaribu kumwita Ndwiga asimame badala yangu, lakini yeye ni mwembamba, ubao haukumjali.

Mwishowe Kirimi aliinuka kwenye benchi la nyuma. Alikuwa na suti nzuri. Alimwendea Kathure, akamwambia kitu, Kathure akafuta macho, akamshika mkono. Wakaja polepole. Walipita ile njia yote. Hakuna aliyejikwaa, sakafu ililia mara moja tu. Walipofika mchungaji aliuliza ni nani anayemtoa huyu binti. Nilikuwa karibu kuliko wote. Nikasema ni mimi, na watu wakacheka, na Kathure hakucheka.

Niliusimamia ubao mpaka baraka ya mwisho. Miguu imekufa ganzi. Watu wanasema harusi ilifana. Nimelia nyuma ya choo cha kanisa, nikarudi nikala pilau. Ilikuwa imepikwa kwa kuni zilizolowa na ilinuka moshi.

Jumatatu, 16 Desemba

Kamati imeng'oa mbao. Kirimi anaweka nyekundu kesho. Mbao wamenirudishia, zimejaa uani kwangu, na kuku wamezipenda.

Kathure na mumewe wameondoka kwenda Kiritiri na lori la Mzee Njuki. Kabla ya kupanda aliniita kando. Nilidhani atanigombeza. Hakunigombeza. Alinifunga kifungo cha shati, akasema ananiomba kitu kimoja tu. Krismasi tushuke Kiritiri, mimi na mama yake. Nije mikono mitupu. Bila nyundo. Nikae mezani naye, tule, tuzungumze siku nzima, kwa sababu Jumamosi hakunipata. Nikamwahidi.

Lori lilipoondoka nilikaa juu ya zile mbao nikafikiri sana. Kwa nini mambo yaliharibika? Na nimepata jibu. Kosa lilikuwa kuzikausha! Mbao zilikuwa mbichi na tulivu zilipotoka Meru, mimi ndiye niliyezisumbua kwa jua la watu. Mbao zipigiliwe mbichi, vile Mungu alivyoziumba.

Sasa, Mzee Njuki alinidokeza harusini kwamba nyumba aliyowajengea watoto haina sakafu bado. Ni udongo. Binti yangu anakanyaga udongo! Na Kiritiri hakuna ukungu, hakuna mvua, hakuna Cicily. Nimeshaagiza muuru mpya kutoka Meru, umekatwa leo asubuhi, maji yanadondoka. Utapelekwa moja kwa moja na kupigiliwa siku hiyo hiyo, umebanana na ukuta. Itakuwa zawadi ya Krismasi. Nilimkuta Kirimi njiani nikamweleza, kwa sababu sina kinyongo. Akasema kwa joto lile mbao mbichi zitasinyaa mpaka mtu aweze kupitisha mguu katikati. Kirimi hajawahi hata kulala Kiritiri.

Kaari ameniuliza ni nani basi atakayekaa mezani na Kathure siku ya Krismasi. Nimemwambia atakaa yeye. Mimi nitakuwa hapo hapo karibu nao, chini, napigilia.